Fundi hujulikana kwa sanduku lake

Kuna picha moja ambayo maseremala wa nchi za mbali huibandika ukutani mwa karakana zao kama vile vijana wetu wanavyobandika picha za wanasoka. Si picha ya jumba wala ya meza ya bei ghali. Ni picha ya kabati la vifaa vya kazi, limefunguliwa wazi kama kitabu, na ndani yake hamna hata nafasi ya kupenyeza kidole. Misumeno, patasi, randa, koleo, tupa, bikari, nyundo, keekee na vipimo vya kila aina. Vingine vimelala, vingine vimesimama, vingine vinaning'inia, na kila kimoja kina mahali pake, juu ya mbao nyekundu na nyeusi zilizotiwa nakshi za pembe na maganda ya chaza. Mtu akiitazama mara ya kwanza hudhani ni madhabahu ya kanisa la kale.

Aliyelitengeneza kabati hilo aliitwa Henry O. Studley, Mmarekani wa jimbo la Massachusetts, aliyezaliwa mwaka 1838 na kufariki mwaka 1925. Hakuwa tajiri, wala hakuwa msanii wa kutajwa magazetini. Alikuwa mwajiriwa, mtu wa kuamka asubuhi na kwenda kiwandani kama wengine wote. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka Marekani mwaka 1861 alijiunga na jeshi la upande wa Kaskazini, na mwaka 1863 akatekwa huko Galveston, pwani ya Texas. Alipotoka vitani alirudi kwao akashika kazi ya mikono. Kwanza aliajiriwa na kampuni ya vinanda ya Smith, kisha akafanya kazi kwa miaka mingi katika kampuni ya piano ya Poole, mjini Boston.

Hapo kwenye piano ndipo penye siri ya lile kabati, kwa hivyo tusipapite haraka. Wengi wetu tumeiona piano kanisani au hotelini tukadhani ni meza kubwa yenye meno. La hasha! Ndani ya piano moja mna maelfu ya vipande: mbao laini na mbao ngumu, nyaya za chuma zilizokazwa kwa nguvu ya kutisha, ngozi, sufu iliyoshindiliwa, skrubu ndogo kama punje za mtama. Kidole kikigusa mwishoni mwa kibao cheupe, kinyundo huruka ndani, kikagonga waya, kikarudi mara moja kabla sauti haijafa. Kipande kimoja kikizidi kwa unene wa karatasi tu, sauti inakwama. Anayezitengeneza mashine hizo lazima awe seremala, awe fundi wa chuma, na tena awe na mkono wa sonara. Studley alikuwa watu hao watatu ndani ya aproni moja, na kabati lake lina vifaa vya kazi zote tatu.

Sasa hebu tulifungue.

Likiwa limefungwa, ni kitu cha kawaida kiasi: kimo chake ni futi tatu na inchi tatu hivi, upana wa inchi 20, na kina kisichozidi inchi kumi. Unaweza kupita kando yake ukadhani ni kabati la saa au la vyombo vya wageni. Limetundikwa ukutani, si sanduku la kuburutwa sakafuni. Ukilifungua, mlango wake nao ni nusu ya kabati, umejaa vifaa sawa na upande wa pili. Kwa hivyo hapo una ukuta wa futi tatu kwa futi tatu na ushei uliojaa zana tupu. Wengine huhesabu mia mbili na kitu, wengine husema zafika 300. Hutegemea kama unahesabu seti ya bisibisi kuwa kitu kimoja au kila kijiti peke yake.

Ajabu ni kwamba hicho unachokiona ni sehemu tu. Kile kibao chenye patasi kina bawaba. Ukikivuta, kinageuka kama ukurasa, na nyuma yake kuna safu nyingine ya vifaa, na mahali pengine nyuma ya hiyo ipo safu ya tatu. Misumeno imelala mmoja nyuma ya mwingine. Vilimi vidogo vya kugeuza kwa ncha ya kidole huzuia kila kifaa kisidondoke, na nafasi nyingine zimechongwa kwa kipimo cha karibu sana hivi kwamba kifaa kikiingia husikika mlio mdogo wa "tik", kama kidole cha mtoto kikiachiliwa kutoka kwenye shavu. Huwezi kukosea mahali pa kurudisha kitu, kwa sababu mahali pengine hapatakikubali.

Katikati kuna matao yenye ncha juu, mfano wa madirisha ya makanisa ya kale ya Ulaya, na chini ya tao moja, kati ya nguzo za abunusi nyeusi tii, imewekwa randa ndogo ya chuma ya Stanley, namba 1, iliyo ndogo kuliko zote katika jamii yake. Urefu wake ni inchi tano na nusu tu, yaani inatoshea kwenye kiganja. Studley aliijengea nyumba ndogo kana kwamba ni mfalme. Kuna pia nyundo ya kugongea patasi, kichwa chake cha shaba ya manjano kimetiwa mbao ndani, na uzuri wake umewafanya mafundi wa leo waiige. Vifaa vingine alivinunua dukani kama mtu yeyote, ila hakuridhika navyo. Akavitoa mipini ya kiwandani akavitia mipini yake mwenyewe ya rozwudi, ya abunusi na ya pembe.

(Katika nakshi hizo imo pia alama ya skwea na bikari ya wale jamaa waitwao Freemason, ambao Studley alikuwa mmoja wao. Najua baadhi ya wasomaji wangu wataanza kunong'onezana. Lakini mkumbuke kwamba skwea na bikari zilikuwa za mafundi kabla ya kuwa za mtu mwingine yeyote.)

Kuna ambao hulitazama kabati hili wakasema ni majivuno. Seremala wa kweli, wasema, angetumia saa hizo kutengeneza viti akauza. Hoja hiyo niliifikiria, kisha nikaichukua ile picha nikampelekea mzee mmoja mtaani kwetu ambaye ameishi kwa kazi ya mbao tangu ujana wake. Nilitaka kusikia atakavyosema mtu mwenye vumbi la mbao kwenye kope.

Aliitazama kwa muda mrefu, akaisogeza mbali na macho, akaisogeza karibu. Kisha akasema, "Huyu hakuwa akiazimisha watu vifaa."

Nikamuuliza, "Umejuaje, mzee?"

"Tazama, mwanangu. Kikitoka kimoja, pengo linaonekana hata na mpita njia."

Akanieleza kwamba mambo mawili ndiyo humfilisi seremala wa Nairobi: mbao zisizokauka na jirani anayeazima. Mwenye kifaa hakumbuki alimpa nani, aliyepewa hakumbuki alikitoa wapi, na msumeno ukirudi umerudi bila meno. Kwa kabati kama lile, alisema, fundi anapofunga kazi jioni hatazami orodha wala haulizi mtu. Anatazama ukuta. Penye shimo pana kazi haijaisha. Hayo nilikuwa sijayaona katika picha, mimi niliyekuwa nikishangaa pembe na chaza. Kumbe ule uzuri wote una kazi ya kufanya, na kazi yenyewe ni kuhesabu.

Sanduku lake mzee huyo ni la mbao nyembamba za kreti ya majani ya chai, limefungwa kwa mshipi wa ndani ya gurudumu la baiskeli. Ndani yake mna randa mbili za mbao, moja aliyoichonga mwenyewe. Ya chuma ilikuwepo. Aliiuza mwaka ambao binti yake aliitwa kidato cha kwanza na karo ikawa haijatimia. Hakulisema hilo kwa huzuni. Alilisema kama mtu anayetaja bei ya misumari. Hata hivyo nadhani wako wasomaji wengi wa ukurasa huu waliosomeshwa kwa randa, kwa cherehani, kwa baiskeli, kwa ng'ombe, bila kuambiwa. Vifaa vya fundi ndiyo akiba yake ya benki, na shida ikibisha hodi ndivyo vya kwanza kutoka nje. Ndiyo maana masanduku kamili ya mafundi wa zamani ni adimu kila mahali duniani. Mbao haziozi haraka hivyo. Ni maisha yanayoyatawanya.

Turudi kwenye pembe. Maana huwezi kulisifu kabati la Studley ukaipita pembe kimya, hasa wewe unayesoma haya ukiwa Kenya.

Husemwa kwamba abunusi, pembe na chaza alizotumia yalikuwa mabaki ya kiwandani, vile vipande ambavyo kwa piano havikufaa kitu. Hilo laelekea akilini, kwani piano ya siku hizo ilikuwa haiwezekani bila pembe. Kati ya vibao 88 vya kubonyeza, 52 ni vyeupe, na kila kimoja kilibandikwa kigae chembamba cha pembe ya ndovu. Sasa jiulize, ndovu wa Massachusetts ni yupi?

Mwaka 1833 Sultani Seyyid Said alitia sahihi mkataba wa biashara na Marekani. Meli zikawa zinatoka bandari ya Salem, katika jimbo hilo hilo la Studley, zikija Unguja. Zilileta kitambaa cha pamba, na jina la kitambaa hicho bibi zetu walilijua: merikani. Ndiyo, merikani ile iliyovaliwa kuanzia pwani hadi maziwa makuu ilifumwa katika viwanda vya Massachusetts. Zikirudi zilibeba karafuu, ngozi, sandarusi ya kutengenezea vanishi na, zaidi ya yote, pembe. Vita vile vile vilivyomfanya Studley kuwa mateka ndivyo vilivyokatiza pamba huko Marekani, na merikani ikaadimika Unguja hata vitambaa vya Uingereza na vya Bara Hindi vikachukua nafasi yake. Biashara ya pembe haikufa. Piano zilipozidi kuwa pambo la kila sebule ya Marekani, ilizidi kunona.

Pembe za Afrika Mashariki zilipendwa kuliko nyingine kwa sababu ni laini chini ya msumeno wala hazipasuki ovyo. Zilikwenda hasa katika miji miwili midogo ya jimbo la Connecticut, Deep River na Ivoryton, na jina hilo la pili maana yake ni mji wa pembe, hawakuficha kitu. Huko zilipasuliwa vigae vyembamba, vikapangwa ndani ya nyumba za vioo vianikwe juani hadi viwe vyeupe. Lakini kabla ya jua la Connecticut kulikuwa na jua la kwetu. Pembe ilitoka bara hadi pwani juu ya bega la mtu. Wengine walikuwa wapagazi wa ujira, wengine watumwa, na safari ilikuwa ya miezi. Aliyeanguka njiani aliachwa, mzigo ukapewa mwingine.

Je, nimeacha kulipenda kabati? Hapana. Bado naliona kuwa miongoni mwa vitu vizuri kabisa vilivyowahi kutoka mikononi mwa mfanyakazi. Studley aliokota vipande sakafuni, hakumtuma mtu porini. Hata hivyo ninapotazama vile vilimi vyeupe vinavyoshika patasi, naona kwamba kabati hili lina mafundi wengi kuliko yule mmoja anayetajwa, na wale wengine hawakupata hata nafasi ya kuandika majina yao. Kwetu sisi pembe imekuwa jambo la moto: Julai 1989 serikali ilichoma tani 12 katika mbuga ya Nairobi, na Aprili 2016 tani 105. Viwanda vya Connecticut navyo viliachana na pembe katika miaka ya 1950 vikageukia plastiki. Piano hulia vile vile.

Kuna sanduku jingine la kale ambalo wazazi wangefaa kulijua, nalo liko Uingereza. Desemba 1796, baba mmoja wa mji wa Chatham, aliyekuwa seremala wa samani na dalali wa mnada, alikwenda kwa muuzaji wa London aitwaye Christopher Gabriel akamnunulia mwanawe Benjamin Seaton seti nzima ya vifaa vipya. Kijana alikuwa na umri wa miaka 21. Mwaka uliofuata Benjamin akatengeneza sanduku zuri la kuvitia, akaandika orodha ya kila kifaa pamoja na bei yake. Halafu? Halafu karibu hakuna. Vifaa havikutumika sana, na ndiyo sababu leo vimo katika jumba la makumbusho la Guildhall mjini Rochester, makali yao kama yalivyotoka dukani. Wanahistoria wanamshukuru sana kijana huyo, maana bila uvivu wake, au tuseme bila shughuli zake nyingine, tusingejua sanduku la seremala wa karne ya 18 lilikuwa na nini. Baba yake sijui kama angemshukuru hivyo.

Hapo wengi mtakumbuka mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985 na somo la Sanaa na Ufundi. Mtoto aliagizwa achonge mwiko. Baba akarudi kazini jioni amechoka, mama akakimbia sokoni, mwiko ukanunuliwa, ukakwaruzwa kidogo kwa kisu ili uonekane wa mtoto, na mwalimu, ambaye wake pia alikuwa ameununua kwa mama yule yule, akautia alama nane kwa kumi. Kicheko ni chetu sote. Lakini wapo waliochonga kweli, na ukiwauliza leo watakuonyesha kovu kidoleni kwa fahari kuliko cheti.

Studley hakuwa na mtoto wa kumrithi. Kabla ya kufariki alimpa rafiki yake kabati lile, likakaa katika familia ya rafiki huyo hadi likamfikia mjukuu. Mwishoni mwa miaka ya 1980 mjukuu aliliazimisha jumba la makumbusho la taifa la historia ya Marekani, lililo chini ya Smithsonian, mjini Washington. Ndipo picha zake zilipoanza kusambaa kwa mafundi wa dunia nzima kupitia jarida la Fine Woodworking. Baadaye aliliuza kwa mtu binafsi asiyependa jina lake litangazwe, na kabati likatoweka machoni pa watu.

Aliyelirudisha, angalau kwa maandishi, ni Don Williams, mtaalamu wa kuhifadhi samani aliyefanya kazi Smithsonian kwa miaka mingi. Mwenye kabati alimruhusu akitoe kila kifaa, akipime, akirudishe. Kitabu chake kilitoka mwaka 2015 na humo hata meza ya kazi ya Studley imo. Mei mwaka huo huo kabati lilionyeshwa kwa siku tatu tu katika mji wa Cedar Rapids, jimbo la Iowa. Watu waliingia kwa tiketi na kwa zamu, wengi wao wakiwa mafundi waliosafiri mbali, wakasimama mbele yake. Siku ya tatu ilipokwisha kabati likafungwa, likarudishwa kwa mwenyewe.